Tupeane uzoefu: pesa ya korosho ifike msimu ujao

Wakuu wa Kusini, minada ikianza pesa inaingia kwa mkupuo. Ikifika Machi, nyumba ileile inakopa unga. Mwenye njia inayofanya kazi aiweke hapa, kwa hesabu.

Wa Tandahimba
Anza na karatasi kabla ya noti. Mzigo ukipimwa AMCOS, chama chenu cha ushirika, kilo za kwenye risiti ziwe zilezile ulizoziona kwenye mizani, na jina lifanane na la akaunti ya benki. Likitofautiana, malipo yanakwama. Halafu bei ya mnada si bei ya mfukoni. Tuseme kilo 800, mnada 2,500 kwa kilo, makato 250 kwa kilo: kinachoingia ni 1,800,000. Anayekopa dukani kwa kuhesabu milioni 2 ameshachimba shimo la laki mbili.

Kabla ya bati na pikipiki, tenga ya shamba: palizi, kupogolea, kupulizia. Hata dawa ya salfa ikija ya ruzuku, petroli na oili ya mashine na ujira wa mpuliziaji ni taslimu. Vikikosekana mikorosho ikiwa kwenye maua, ugonjwa wa ubwiri unga unayakausha, na huo msimu ujao umeshaliwa.

Wa Nachingwea
Chakula kinunuliwe siku pesa inapoingia. Watu 6, kadiria kilo 50 za mahindi kwa kila kichwa kwa miezi 6: magunia 3 ya kilo 100. Tumieni mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Punje iwe kavu kiasi cha kukatika kwa mlio ukiing'ata. Kamua hewa, funga mfuko wa ndani peke yake, kisha wa pili, kisha wa nje. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Panya akitoboa tundu moja tu, hewa inaingia na wadudu wanaendelea kula.

Wa Newala
Kangomba, yaani kuuza korosho kichinichini nje ya mnada, jamani! Kwa hesabu hiyohiyo ya juu, anayepokea 60,000 Aprili kwa ahadi ya kilo 80 anatoa mali ya 180,000 baada ya makato. Na ni kosa kisheria.

Wa Ruangwa
Unyago nao uingie kwenye hesabu mapema. Pesa ya kumtunza mwali ngomani ni deni: jirani aliyemtunza mwali wako atangoja umtunze wa kwake. Andikeni jina na kiasi usiku uleule wa ngoma, daftari akae nalo mama mwenye nyumba.