Mtoto kutolewa maji ya uti wa mgongo, hatapooza?

Mama Nasra: Wapendwa, mwanangu wa miaka 4 ana homa kali, shingo imekakamaa, taa ikiwashwa analia. Daktari anataka kumchoma sindano mgongoni. Mama mkwe amekataa, anasema atapooza. Nisaini?

Nesi wa watoto: Saini sasa hivi, dada! Hiyo huenda ni homa ya uti wa mgongo. Sindano inaingia chini kiunoni, ule ugwe wa neva ulio ndani ya mgongo umeishia juu ya hapo. Maji yakitoka na ukungu, wanashuku bakteria. Na antibayotiki ya mshipani isisubiri majibu ya maabara.

Baba Imu: Wangu alitolewa amelala ubavu, nimemshika magoti yamegusa tumbo. Leo anacheza mpira. Akipona mpimishe masikio, homa hii inaweza kuua usikivu.

Mama Nasra: Nimesaini. Sindano ya kwanza ya antibayotiki, seftriaksoni, ameshachomwa.