Ruzuku ya kila miezi miwili inabadilisha nini hasa katika kaya maskini ya kijijini?

Mpwa wa Chamwino

Habari zenu ndugu. Naomba mawazo ya watu wanaoyafahamu maisha ya vijijini kwetu Dodoma. Shangazi yangu ni mjane, anaishi wilayani Chamwino na wajukuu watatu, wawili wakiwa shule ya msingi na mmoja kidato cha pili, na kwa miaka kadhaa sasa amekuwa mlengwa wa mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Sisi watoto wa kaka yake tulio mjini huwa tunamchangia fedha kila tunapojaliwa. Katika kikao cha familia cha Desemba, wakubwa wawili walisema tuache kumchangia kwa kuwa serikali inamlea, na kwamba pamoja na fedha zote hizo nyumba yake bado ni ileile tembe na hana hata kiti cha kumkalisha mgeni. Mmoja aliongeza kuwa fedha za bure humfanya mtu abweteke.

Nilinyamaza, na ukimya ule unaniuma mpaka leo, maana shangazi ndiye aliyenilea. Naomba kufahamu: fedha zinazokuja kidogo kidogo lakini kwa mfululizo zinabadilisha nini katika kaya, na nikienda kumtembelea nitazame wapi ili nione?

Mwalimu Mstaafu, Bahi

Mwanangu, acha kutazama paa. Nenda mwezi huu wa Februari ukatazame shamba lake.

Sisi wa huku tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na uchungu wa umaskini wetu umejificha katikati ya msimu huo. Januari na Februari ndiyo miezi ya palizi, na ndiyo miezi ambayo ghala za maskini zimekwisha. Mama asiye na chakula hawezi kupalilia shamba lake. Inambidi aamke alfajiri akafanye kibarua katika shamba la mwenye uwezo ili watoto wapate ugali jioni, na anaporudi kwenye mtama wake wiki tatu baadaye, magugu yamekwishaula. Akivuna, anavuna magunia mawili mahali pa matano. Desemba inayofuata ghala ni tupu tena, na Januari anarudi kwenye kibarua kilekile. Nimefundisha watoto wa akina mama hao kwa miaka mingi, na nilikuwa nikijua nani kwao wamekosa chakula kwa kuona nani hayupo darasani wakati wa palizi.

Fedha kidogo ikiingia wakati huo, hata kama ni ya kununulia madebe mawili ya mahindi tu, mama huyo anabaki shambani kwake. Hakuna atakayepiga picha ya jambo hilo, lakini mavuno yake hayatakuwa yaleyale. Ni hivyo hivyo wakati wa mavuno: anayedaiwa na asiye na senti huuza alizeti ikiwa bado shambani, kwa bei anayopangiwa na mnunuzi, ilhali anayejua kuwa atapokea chochote mwezi ujao anaweza kusubiri.

Mjumbe wa Zamani wa Kamati ya Jamii, Mpwapwa

Naongezea hesabu, kwa sababu neno "fedha zote hizo" linatamkwa na watu ambao hawajakaa wakazihesabu.

Mpango huu ulipozinduliwa mwaka 2012, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Kisha kulikuwa na fedha za kutimiza masharti, yaani watoto wadogo kupelekwa kliniki na wanafunzi kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo: shilingi 2,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Kiwango cha juu kabisa kwa kaya kilikuwa 38,000. Kwa viwango hivyo, kaya kama ya shangazi yako ingepata shilingi 22,000 kwa mwezi, yaani 44,000 kila dirisha, kama tunavyoyaita malipo ya kila miezi miwili. Igawanye kwa watu wanne na kwa siku thelathini: haifiki shilingi 200 kwa mtu kwa siku. Viwango vimebadilika tangu hapo, lakini hata ukiviongeza mara mbili, nani anabweteka kwa kiasi hicho? Hata waliofanya ajira za muda katika mabwawa na barabara za vijiji walilipwa shilingi 2,300 kwa siku, na walijitokeza alfajiri na majembe yao.

Jambo jingine ambalo familia yako ingefaa kulijua ni kwamba Chamwino yenyewe ilikuwa miongoni mwa wilaya tatu za majaribio, pamoja na Bagamoyo na Kibaha, ambako malipo yalianza mwaka 2010. Vijiji 80 vilishirikishwa, nusu vikianza kupokea kwa kura na nusu vikisubiri, ili tofauti ionekane wazi. Walengwa hawakuonekana kuzila fedha zote. Walikata bima ya afya ya jamii kuliko wenzao, wakanunua mifugo na viatu vya watoto, na watoto wao wadogo wakaugua siku chache kuliko wa wenzao. Mimi binafsi jambo la bima ndilo linalonigusa kuliko yote. CHF iliyoboreshwa, yaani bima hiyo ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na maskini aliyeamua kuitoa kabla hajaugua ni mtu aliyeanza kuufikiria mwaka mzima badala ya kesho tu. Muulize shangazi kama ana kadi.

Mama wa Kongwa

Mimi ni mlengwa, na mjukuu wangu ananiandikia haya.

Mnazungumzia kiasi, lakini naomba nizungumzie tarehe. Mwanangu aliye mjini hunitumia hata shilingi 50,000 siku anayopata. Zikija ninamshukuru Mungu na ninamwombea, lakini siwezi kuzipangia, kwa kuwa sijui kama nyingine zitakuja mwezi ujao au baada ya mavuno. Basi huishia kulipa madeni yaliyokwisha kunisubiri. Fedha za dirisha ni ndogo kuliko hizo, lakini kwa sababu ninazitarajia, mwenye duka hunikopesha unga bila kunitazama vibaya, na kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilinikubali nilipoahidi kununua hisa kila baada ya malipo. Zamani hawakunikataa kwa maneno, ila hakuna aliyenialika.

Nilianza na kuku watatu. Kideri kiliwamaliza kiangazi, siku mbili tu, na niliwazika nikilia kama mtoto. Mara ya pili nilinunua majike wawili na jogoo, na safari hii nikawa nachangia chanjo pamoja na majirani, kwa kuwa kichupa kimoja hutosha kuku wengi na kikifunguliwa hakikai. Tunachanja kila baada ya miezi mitatu. Leo nina mbuzi wawili waliotokana na kuku hao. Nyumba yangu pia ni ya tembe, na sioni aibu.

Kijana wa Kondoa

Nakubaliana na waliotangulia, lakini tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Katika kijiji chetu majina yalipopitishwa kwenye mkutano, kulikuwa na kaya zilizoachwa ambazo hazikuwa na unafuu wowote kuliko zilizochukuliwa, na mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Jirani yake alipata. Walikuwa wakichota maji pamoja na kuazimana chumvi. Baada ya hapo ilipita karibu miaka miwili bila kusalimiana vizuri. Ipo pia hali ya mlengwa kuhitimu, yaani kuondolewa kwa kuwa kaya imeonekana kujimudu, kisha mvua ikagoma mwaka uleule. Kwa hiyo, ndugu muulizaji, ninyi familia msijitoe. Ruzuku ni nguzo moja, na nyumba ya nguzo moja huanguka.

Mpwa wa Chamwino

Nawashukuru sana. Jumamosi nilikwenda.

Nilimkuta shambani, si kwa watu bali kwake. Mtama umenipita kiuno, na pembeni mwa shamba kulikuwa na fungu la kiduha, lile gugu linalonyonya mtama, alichoking'oa, maua yake yakiwa hayajanyauka, kwa sababu anasema kikiachwa kitoe mbegu kitamsumbua miaka. Nilimuuliza mwaka uliotangulia kuingia kwake katika mpango alikuwa wapi mwezi kama huu. Alinyoosha jembe kuelekea ng'ambo ya korongo, kwenye mashamba ya mtu mwingine, wala hakusema neno.

Jioni alifungua fundo la kanga akanionyesha kadi ya bima, akailainisha kwa kidole gumba, kisha akaifunga tena. Nilipomwambia kwamba tutaendelea kumchangia, na kwamba kuanzia sasa itakuwa tarehe 5 ya kila mwezi hata kama ni kiasi kidogo, aliniuliza mara mbili kama ni tarehe hiyohiyo. Mjukuu mdogo akaiandika kwa mkaa ukutani, karibu na mlango. Wakubwa nimewapigia simu jana. Mmoja amekubali, na mwingine nitaendelea kuzungumza naye.

Mama wa Kongwa, shangazi ana kuku sita na vifaranga. Je, chanjo ile hupewa wa umri gani?

Mama wa Kongwa

Hata kifaranga wa siku moja, mwanangu. Tone moja jichoni, na mmshike mpaka apepese. Wachanjwe wote siku moja, wake na wa majirani.