Siku mbili Lübeck, Ujerumani: tusikose nini?

Mwana wa Mkomani
Assalamu alaikum wanajamvi. Mwezi wa sita, inshallah, sisi watatu tunakwenda Hamburg, na tumetenga siku mbili za kuuona mji wa kale wa Lübeck. Nasikia nao ni urithi wa dunia, umeingia tangu 1987, kabla ya Lamu yetu. Viza bado. Usafiri ukoje, mjini tuanzie wapi, na sala na chakula je?

Nahodha wa Shela
Waalaikum salaam. Viza kwanza, ndiyo inayokwamisha watu. Ombi la Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15, lakini musingoje hizo 15: faili ikihitaji kuchunguzwa zaidi, jibu laweza kufika siku ya 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hairudi. Bima iwe ya yuro 30,000 kwenda juu, ifunike nchi zote za Schengen na kila siku ya safari, pamoja na ile ya kurudi ambayo wengi huisahau. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu, na iwe hai miezi 3 baada ya kutoka huko.

Tiketi ya Manda, uwanja wetu wa Lamu, hadi Nairobi ukiinunua mbali na ile ya Ulaya, ndege ikichelewa hasara ni yako. Tazama pia unatua wapi. Ukishukia uwanja wa Wilson, bado una foleni ya magari hadi ule wa Jomo Kenyatta. Laleni Nairobi.

Uwanja wa ndege wa Hamburg mna treni ya S1 hadi kituo kikuu, dakika 25 hivi, kisha treni ya mkoa hadi Lübeck kama dakika 45. Kwa kuwa mu watatu, ulizeni Schleswig-Holstein-Ticket: ni ya siku moja na hubeba hadi watu 5. Jumatatu hadi Ijumaa haifanyi kazi kabla ya saa 3 asubuhi, na kwenye treni za kasi za ICE haikubaliki. Andikeni majina yenu juu yake kabla ya kupanda.

Fundi Chokaa
Mji wa kale ni kisiwa, umezungukwa na mto Trave na mifereji. Kutoka kituoni ni mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu hadi lango la Holstentor, la 1464 hadi 1478. Minara yake imeinama kwa sababu ardhi ni kinamasi. Ule wa kusini ulianza kuzama ujenzi ungali unaendelea. Linganisheni kuta: upande wa nje unene unapita mita 3, upande wa mji haufiki mita 1. Mizinga ilitarajiwa kutoka nje.

Ubavuni mwake kuna maghala ya chumvi. Chumvi ilitoka mji wa Lüneburg, na kuanzia 1398 ikapita mfereji wa Stecknitz hadi Lübeck, ikapakiwa melini kwenda Skandinavia kutilia samaki wa heringi. Utajiri wa wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa miji ya biashara, pale ulisimama juu ya pipa la samaki. Anayejua ng'onda haelezwi zaidi.

Kanisa la Mtakatifu Maria ni la tofali za kuchoma, dari yake iko juu mita 38 na nusu. Wageni hukodolea dari wakaupita mnara wa kusini. Humo kengele zilizoanguka kwa mabomu ya usiku wa kuamkia 29 Machi 1942 zimeachwa palepale zilipopasukia, na sakafu imebonyea chini yake.

Lakini mukiniuliza mimi, nusu ya siku ni ya vichochoro, Gänge. Nyuma ya nyumba za matajiri vilijazwa vijumba vya vibarua, na njia ya kuingilia ikatobolewa katikati ya nyumba ya mbele. Nyingine ni fupi hadi mtu huinama. Husemwa kipimo kilikuwa jeneza lipite. Vimebaki kama 90. Watu wanaishi humo, kwa hiyo musipige picha madirishani, na penye kibao cha faragha rudini.

Mnara wa Mtakatifu Petro una lifti hadi mita 50. Pandeni asubuhi: mukitazama Holstentor, jua liko mgongoni. Jioni picha zote ni kiza.

Bi Langoni
Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, na kwa kuwa halishuki hata nyuzi 18 chini ya upeo, kipimo cha giza kamili, programu za simu hugongana kuhusu Isha na Alfajiri. Ulizeni msikitini Hamburg wanafuata hesabu gani, mushike hiyo moja. Kibla ni kusini-mashariki, si kaskazini kama huku kwetu.

Marzipan, sifa ya mji huo, ni lozi zilizosagwa na sukari. Ya kawaida haina neno, lakini kuna zilizotiwa pombe: tafuteni neno Alkohol kwenye pakiti. Schwein ni nguruwe. Mkate wa samaki, Fischbrötchen, utawatosha mchana. Maduka mengi ya vyakula hufungwa Jumapili, na vibanda vingine havipokei kadi.

Mwana wa Mkomani
Shukran sana. Na bahari yenyewe?

Nahodha wa Shela
Treni hadi Travemünde Strand, dakika 20 hivi. Ng'ambo ya mto kuna Passat, meli ya matanga ya 1911 yenye milingoti minne. Mutavuka kwa feri. Musiulize maji yanajaa saa ngapi, Baltiki karibu haina kujaa wala kupwa. Makoti mubebe hata kama ni Juni.