Ushauri: Tunawaambiaje wachangiaji kuwa mwajiri anaweza kuongezea mchango wao, bila kuwachimba kazi zao?

MhaziniKent

Wakuu, dada zangu, habari za wikendi.

Mimi ni mhazini wa chama cha watu wa Lushoto tunaoishi jimbo la Washington, Marekani. Tumesajiliwa kama shirika la hisani la 501(c)(3), tuna namba ya EIN (namba ya utambulisho wa shirika kwa mambo ya kodi), na kila mwaka tunachangisha pesa za matangi ya maji ya mvua na madawati kwa shule za msingi za kwetu. Wachangiaji ni hawa hawa mnaowajua: wauguzi, walezi wa wazee, madereva, watu wa maghala, na vijana kadhaa walio kwenye kampuni za programu na za ndege.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni nyingi kubwa hapa zina utaratibu kwamba mfanyakazi akichangia shirika lililosajiliwa, kampuni nayo inatoa kiasi hicho hicho. Si utaratibu mgeni, General Electric waliuanza mwaka 1954. Microsoft, majirani zetu wa Redmond, wana mpango wa michango ya wafanyakazi tangu 1983, na siku hizi wanaongezea hadi dola 15,000 kwa mfanyakazi mmoja kwa mwaka. Kwa hiyo kijana akitoa dola 200 za tangi, shule inaweza kupata 400 na yeye haongezi hata senti.

Kwenye vitabu vyetu nyongeza hizo karibu hazionekani. Pesa ipo, imeshatengwa, na hakuna anayeidai. Kila nikipiga hesabu ya madawati ambayo yangenunuliwa, roho inaniuma.

Fomu hazinisumbui, kinachonisumbua ni namna ya kusema. Huku ughaibuni kumuuliza mtu "unafanya kazi wapi?" ni swali zito. Kuna ambaye makaratasi yake bado hayajakaa sawa, kuna mwenye shahada anayebeba maboksi na hataki ijulikane nyumbani, kuna aliyeachishwa kazi juzi. Nikiuliza kwenye kundi la WhatsApp, wengi watanyamaza na wengine wataona mhazini anapekua mifuko yao. Nikikaa kimya, watoto wanakosa.

Nyie kwenye vyama vyenu mnafanyaje? Nawasilisha.

---

BintiPangani

Kaka Mhazini, pole na majukumu. Nafanya kazi ya uchangishaji kwenye mashirika ya hisani hapa Minneapolis, kwa hiyo niseme ninachokiona kila siku.

Usiulize mtu anafanya kazi wapi. Huna haja ya kujua. Wewe toa taarifa kwa wote, kwa maneno yale yale, kisha mwenye nayo atajijua. Tofauti ni kubwa mno kati ya "Nani hapa yuko kampuni kubwa?" na "Kampuni nyingi huongezea mchango wa mfanyakazi. Angalia tovuti ya ndani ya kazini kwako au uliza watu wa rasilimali watu." La kwanza linamtoa mtu mbele ya kadamnasi. La pili analisoma kitandani peke yake na kuamua mwenyewe.

La pili ni wakati. Tangazo la mara moja kwa mwaka kwenye mkutano mkuu halisaidii, watu wanalisahau kabla pilau halijaisha. Mtu hukumbuka kuomba nyongeza pale anapotoa pesa, au anapopokea risiti. Hapo moyo bado uko kwenye lile jambo. Basi weka mistari miwili kwenye ukurasa wenu wa kuchangia, na mistari hiyo hiyo kwenye kila ujumbe wa shukrani. Usimtumie risiti leo halafu habari ya mwajiri umletee baada ya miezi mitatu.

Na kwenye ujumbe wa shukrani, anza na shukrani. Mtu ametoa dola 50 zake za jasho. Akiona sentensi ya kwanza inadai zaidi, atahisi alichotoa hakikuhesabika.

---

NesiWorcester

Mimi si kiongozi wa chama chochote, ni mchangiaji tu, kwa hiyo nitaeleza tunavyokwama sisi wa upande huu.

Hospitali ninayofanyia kazi ina mpango huu. Nilipotaka kuombea nyongeza mchango wa chama chetu, nikaandika jina la chama kwenye mfumo, hakikutokea. Sote tunakiita kwa jina la nyumbani, kumbe serikalini kimesajiliwa kwa jina refu la Kiingereza ambalo wanachama wengi hatujawahi kulisikia. Bila mhazini kunitumia namba ya EIN ningekuwa nimeshakata tamaa.

Kaka, kila ujumbe uwe na vitu hivi pamoja: jina kamili kama lilivyo IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), namba ya EIN, na anwani yenu iliyosajiliwa. Ninakili, ninabandika, nimemaliza. Ukiniambia nipekue tovuti yenu kutafuta namba, nitasema nitafanya kesho baada ya shifti, na hiyo kesho ndiyo imepita.

Jingine ni kwamba wengi tunachangia kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana pesa kati ya akaunti za benki, kwa sababu haikati ada. Ila Zelle haitoi risiti ya hisani, na baadhi ya waajiri wanataka risiti. Mtumieni kila mtu barua fupi yenye tarehe, kiasi, jina la shirika na EIN, hata kama alitoa dola 25 tu.

---

KakaHouston

Wakuu, mbona mnazunguka? Kama kuna kijana mmoja yuko kampuni inayoongezea, wanachama wote wampe yeye michango yao, yeye aitoe kwa jina lake kama pesa yake. Kampuni inaongezea yote. Mchango wa dola 8,000 unakuwa 16,000 kwa siku moja. Hakuna anayeumia.

---

MkaguziDallas

Kaka Houston, kwa heshima zote, hapana. Naomba na wengine wasome hapa kwa makini, maana wazo hili linatoka kwenye desturi yetu nzuri ya kumkabidhi mtu mmoja mchango wa wote, na ndiyo maana linaonekana halina ubaya.

Masharti ya mipango hii yanataka mchango uwe wa mfanyakazi mwenyewe, kutoka mfukoni mwake. Akipokea pesa za watu kumi na kutamka kwamba ni zake, amemdanganya mwajiri kwa maandishi. Mwaka 2025 ziliandikwa habari za wafanyakazi wa kampuni kubwa hapa Marekani kufukuzwa kwa tuhuma za kutumia vibaya mipango hii, na vyama vya wahamiaji vilitajwa humo. Kwa mtu ambaye viza yake imeshikwa na kazi, kufukuzwa maana yake ni kufungasha virago yeye na familia. Anaumia yule kijana mwema aliyekubali kwa sababu wazee walimwomba. Na chama nacho kinaweza kufungiwa kupokea nyongeza kabisa.

Sasa nirudi kwa Mhazini, maana mimi ni mtu wa vitabu. Kabla hujatangaza chochote:

Hakikisha usajili wenu uko hai. Ingia kwenye ukurasa wa IRS wa kutafuta mashirika, andika EIN yenu. Vyama vidogo vyenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka hujaza fomu fupi ya 990-N, ni dakika chache mtandaoni. Mkiacha kujaza miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe. Viongozi wanapobadilika, hii ndiyo kazi inayosahaulika kuliko zote.

Angalia na anwani. Kampuni nyingi hazitumi pesa zenyewe, zinapitishia kwa kampuni za kati kama Benevity, nazo zisipokuwa na akaunti yenu ya benki hutuma hundi kwenye anwani zilizonayo. Kama iliyoandikwa ni nyumba ya mwenyekiti wa zamani aliyehama, hundi itakwenda huko huko. Jisajilini kwenye mfumo wa kampuni hizo kama shirika, wekeni akaunti.

Na risiti ya mchangiaji iandikwe sehemu yake tu. Dola 200 zake ni zake, 200 za kampuni ni za kampuni, hawezi kuziombea nafuu ya kodi. Mchango wa dola 250 na kuendelea lazima apate barua ya maandishi kama atataka nafuu hiyo.

---

KakaHouston

Nimekuelewa, Mkaguzi. Sikuwa nimefikiria suala la viza. Naliondoa wazo langu.

---

MzeeColumbus

Wanangu, mimi nauliza. Pesa nyingi tunazitoa msikitini na kanisani. Huko hakuna nyongeza?

---

BintiPangani

Shikamoo mzee. Waajiri wengi wanaziacha nje sadaka za ibada. Lakini kama msikiti au kanisa lina mradi wa kuhudumia watu wote, mfano ghala la chakula kwa wasiojiweza, baadhi yao wanaukubali mradi huo. Inabidi kusoma masharti ya kampuni husika. Na mzee, kama umestaafu, ulizia kwa mwajiri wako wa zamani, maana baadhi ya kampuni zinawahesabu na wastaafu.

---

MzeeColumbus

Marahaba binti. Hilo la wastaafu sikulijua. Nitawapigia.

---

MdauDodoma

Habari zenu huko. Mimi niko Dodoma, naongoza shirika dogo lililosajiliwa kwa Sheria ya NGO Na. 24 ya 2002. Tuna marafiki Marekani wanaofanya kazi kampuni za aina hiyo. Mchango wao kwetu unaweza kuongezewa?

---

MkaguziDallas

Mkuu wa Dodoma, wakikutumia moja kwa moja, kwa kawaida hapana, maana waajiri wengi wanataka shirika lenye hadhi ya hisani ya Marekani au lililokwisha kuthibitishwa kuwa sawa nalo. Njia ya kawaida ni kupitia shirika la hapa linalopokea kwa niaba yenu. GlobalGiving ni mfano, wana hadhi ya 501(c)(3) na wanaorodhesha miradi ya nchi nyingi baada ya kuikagua. Kuna makato na kuna karatasi za kujaza, ila rafiki yako anakuwa na kitu cha kumwonyesha mwajiri wake.

---

ShangaziReading

Kwa walioko Uingereza, kwanza kabisa Gift Aid, wala haimhusu mwajiri. Mlipakodi akijaza tamko, shirika linadai serikalini peni 25 kwa kila pauni moja aliyotoa. Ukiongeza na mwajiri anayechangia kwa wanaokatwa kwenye mshahara, inakuwa pesa ya kueleweka. Ila yanayokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi hayaombewi tena Gift Aid, msichanganye.

Na niunge mkono alichosema Binti. Kwenye kundi letu tunabandika orodha ya waliochangia, jina na kiasi, na alama ya tiki. Kuna aliyependekeza tuongeze safu ya mwajiri. Nilikataa. Picha ya orodha husafiri, leo iko Reading, kesho iko Tanga kwa shemeji yake mtu. Jina la kampuni ya mtu lisiandikwe kundini hata kama amelisema mwenyewe kwa furaha.

---

BintiPangani

Asante Shangazi. Nimekumbuka jingine: saa za kujitolea. Baadhi ya waajiri hulipa shirika kwa saa ambazo mfanyakazi amejitolea. Microsoft kwa mfano hutoa dola 25 kwa saa. Yule kijana anayewatengenezea tovuti bure, na yule dada anayewapangia vitabu, saa zao zina thamani. Waombeni waziandike, zile za kweli tu. Hili linamfaa mtu ambaye mwezi huu hana cha kutoa na anaona haya kuonekana kundini.

---

MhaziniKent

Nimesoma kila neno, nawashukuru sana. Nimeangalia usajili, uko hai. Anwani nitaishughulikia kesho. Kuhusu kukusanyia pesa kwa mtu mmoja, nitalisema wazi kwenye kikao kijacho, maana najua litaletwa tu.

Nimeandika ujumbe huu wa kutuma kwa kila mchangiaji faraghani. Naomba mnisahihishie:

*"Ndugu yetu, asante sana. Mchango wako wa dola ___ tumeupokea tarehe ___, na utaingia kwenye matangi ya maji ya shule. Waajiri wengi hapa Marekani huongezea michango ya wafanyakazi wao, na wengine huwahesabu wastaafu. Ukipenda kuulizia kazini kwako, utahitaji haya: jina letu kamili ___, EIN ___, anwani ___. Kama mwajiri wako hana mpango huo, mchango wako umeshafanya kazi yake. Tafadhali tujulishe umeajiriwa wapi ili tuweze kufuatilia."*

---

NesiWorcester

Mzuri kaka. Ila risiti uiambatanishe hapo hapo, isije kwa ujumbe mwingine.

---

BintiPangani

Sentensi ya mwisho ifute, hiyo ndiyo uliyokuwa unaiogopa mwenyewe. Weka hivi: "Ukikwama kwenye fomu, nipigie, tutaijaza pamoja." Atakayehitaji msaada atakuambia mwajiri wake bila kuulizwa, na atakuambia wewe peke yako.

Ongeza na tarehe. Waajiri wengine hufunga maombi ya mwaka tarehe 31 Desemba, wengine huruhusu hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, kwa hiyo andika "ulizia kabla ya mwisho wa Desemba" na utakuwa salama kwa wote. Wiki ya kwanza ya Desemba watumie tena waliochangia mwaka huu wote, hata yule aliyetoa Februari, maana mchango wake huenda bado unaombeka. Halafu usishangae Januari ukiona kimya. Nyongeza mara nyingi hulipwa kwa mafungu, kwa mwezi au kwa robo mwaka, na ikifika huenda jina la mchangiaji lisiwepo. Fungua safu yake pekee kwenye kitabu, usiichanganye na michango ya wanachama.

---

MhaziniKent

Nimeifuta. Barua zinaanza kutoka kesho jioni, na waliochangia tangu Februari nitawaandikia mmoja mmoja.