Tupeane uzoefu: Uliyewahi kukodi pikipiki kwenye visiwa vya Thailand, ilikuwaje?

Dalali wa Mirerani

Wakuu habari za jioni. Naona kuna uzi wa wanaoenda Thailand kutibiwa na mwingine wa nguo za soko la Pratunam kule Bangkok, ila wa visiwani sijauona. Ngoja nianze mimi, wengine mtajazia.

Biashara yangu ni mawe ya vito. Nikienda Thailand naishia Chanthaburi, maana soko la mawe la pale linachangamka Ijumaa mpaka Jumapili. Mnunuzi amekaa mezani na mizani yake, sisi madalali tunapita mmoja mmoja kumwaga vipakiti. Jumatatu mji unapoa, na ukikaa hotelini unakula mtaji. Safari yangu ya tatu, Mguinea mmoja tuliyepanga naye hoteli moja akaniambia unafia nini humu ndani, panda hiace mpaka Trat, vuka na kivuko, nusu saa uko Koh Chang. Chang kwa Kithai ni tembo. Kisiwa cha Tembo.

Ukishuka kivukoni unapanda pikapu yenye mabenchi mawili nyuma. Waliokuwepo Dar enzi za chai maharage wataelewa mara moja. Dereva akatupandisha mlima huo, kona zimepinda kama kiwiko, abiria mnaangukiana magotini. Mimi nikawa natabasamu tu. Nimeanza kuendesha pikipiki nina miaka 15, nimebeba magunia ya mchanga wa mgodini kwenye SanLG. Nani anitishe na kona?

Nikashukia Hat Sai Khao, nikakodi Honda Click kwa baht 250 kwa siku, kama elfu ishirini ya kwetu hivi. Mwenye duka, mama mtu mzima, akaniuliza kwa ishara kama najua. Nikamcheka. Halafu Thailand wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo hata kuvuka barabara hakukunipa shida.

Sasa sikilizeni. Boda yetu, mkono wa kushoto ni klachi. Ile skuta haina klachi wala gia, mkono wa kushoto ni breki ya nyuma. Hilo nilikuwa nalijua kichwani, lakini mkono ulikuwa haujaambiwa. Nimetoka Kai Bae, nimepanda mlima, naanza kuteremka upande wa pili. Kona kali inakuja, mkono ukafanya kazi yake ya miaka ishirini: ukakamata "klachi" yote, kwa nguvu. Tairi la nyuma likafunga. Nikasikia linalia kwenye lami, pikipiki ikaenda upande, mimi nikaenda upande mwingine, nikala mwereka mbele ya mzee mmoja aliyekuwa anapandisha mlima na mkewe nyuma na mtungi wa gesi katikati yao. Mzee akasimama, akashusha mtungi, akainyanyua pikipiki yangu, akaizima. Baada ya hapo ndipo akaniangalia mimi.

Kiwiko kikachubuka, na kioo cha pembeni nikakilipa baht 300. Nilipomrudishia yule mama, hakuniuliza kitu. Alinishika mkono wa kushoto, akaukunjua vidole, akatikisa kichwa.

Jingine la Koh Chang: ramani inadanganya macho. Barabara haizunguki kisiwa. Upande wa magharibi inaishia Bang Bao, kile kijiji cha nyumba za kwenye nguzo juu ya maji. Salak Phet iko upande wa mashariki, kwenye ramani unaona ni hapo tu. Kuifikia lazima urudi kaskazini yote, uvuke ule mlima wa kivukoni, ushuke tena kusini. Nilikata nusu siku kwa ubishi huo.

Haya, na nyie leteni.

Mpwani Asiyeogelea

Hahaha, mkono haujaambiwa! Pole mwanzisha uzi.

Mimi nilienda Koh Phangan mwaka 2019 na mashoga zangu wawili kutoka Mombasa. Watu husikia Phangan wakafikiri ni ile karamu ya mwezi mpevu ya Haad Rin basi. Sisi hatukuenda kwa hiyo, tulienda kulala na kula. Lakini kisiwa kile bila pikipiki unakaa kama umefungwa, na gari za abiria bei zao ni za mtalii. Basi tukakodi nduthi mbili, mimi nikabebwa.

Wanawake wenzangu mnaijua ile alama ya ekzosi kwenye mguu wa kulia, kwa ndani, chini ya goti. Ya kwangu niliipata nikiwa shule, stejini Likoni, nikajua yangu nishamaliza. Kumbe wale wazungu wa Phangan nao wanayo, kila wa tatu ufukweni ana bandeji pahala pale pale! Wanaiita chale ya Kithai. Nikawaonyesha yangu ya Likoni, wakadhani mimi ni mwenyeji wa kisiwa.

Shida yetu haikuwa barabara. Ilikuwa duka. Wakataka pasipoti iwe amana, na sisi kwa ujinga tukaacha. Kurudisha, jamaa akachuchumaa moja kwa moja pahala pamoja, chini ya taa ya nyuma, akaonyesha mkwaruzo wa urefu wa kidole. Hakutafuta. Alijua upo. Baht 9,000, karibu elfu thelathini za Kenya wakati huo, na pasipoti iko kwenye droo yake, na boti yetu ni saa sita. Tulibishana, tukalia, mwisho tukateremka hadi 5,000. Shoga yangu mpaka leo hatutaji kisiwa hicho mbele yake.

Kwa hivyo: pasipoti usiiachie mtu. Toa nakala pamoja na amana ya pesa, maduka yanayokubali yapo, tafuta. Na kabla hujaiwasha, izunguke na simu uchukue video, umsogeze mwenye duka aonekane ndani. Akikataa kuonekana, ondoka.

Kipara Ngoto

Mwanzisha uzi, huyo mzee mtungi aliushusha kwanza ndio akakusaidia? Ana akili sana.

Bint Malindi, Maskati

Asalaam aleikum waungwana. Mie naandika kutoka Oman, mwenyewe asili yangu Unguja. Huku watu wengi wakipumzika huenda Phuket, ndege inatoka Maskati moja kwa moja. Sie tulikwenda na bi mkubwa wetu, miaka 67, na yeye Phuket hakuipenda. Kelele, alisema, na kila akitia kitu mdomoni lazima aulize nguruwe.

Tukaambiwa kavukeni Koh Yao Noi. Tukapanda boti ya kasi pale Bang Rong, nusu saa. Jamani! Tumeshuka tu gatini, wanawake wamevaa mitandio, msikiti mbele yetu, na muuza samaki anatoa salamu. Bi mkubwa akavua miwani akafuta macho, akasema hii Pemba.

Kule pikipiki wanazifunga kigari cha pembeni, wanakiita saleng. Kina benchi na kijipaa. Tukaikodi hiyo, kaka yangu anaendesha, bi mkubwa kakaa ubavuni na baibui lake na mkoba mapajani kama anapelekwa harusini. Kila tukipita mtu anampungia. Yeye anajibu kwa mkono mmoja, mwengine kashika nguzo haiachii.

Barabara kule ni nyembamba, zinapita katikati ya miti ya mpira na mashamba ya mpunga. Ile mpira wanaigema, wanaigandisha, wanaisukuma mpaka inakuwa kama vitambaa vyeupe, wanaianika kwenye kamba mbele ya nyumba. Bi mkubwa akauliza, hawa watu wote wamefua leo? Tulipokaribia akanusa, akasema hawajafua. Inanuka kweli, msidanganywe na picha. Na mitini kuna hondohondo, wakubwa, wanapita juu yako mbawa zinavuma.

Sasa kituko. Njiani kila kijiduka kimepanga chupa kwenye rafu, chupa za vinywaji, ndani rangi ya kupendeza. Bi mkubwa ana kiu, akasema simama, ninunulieni sharubati ile. Mwenye duka akaleta chupa, akaleta na mrija wa mpira, akaenda moja kwa moja kwenye tangi la pikipiki. Petroli! Baht 40 chupa. Baadae alitutengenezea roti ya ndizi kwa maziwa ya kopo, maana alicheka mpaka akaona haya.

Mpaka leo nyumbani ukimkaribisha juisi anauliza hii ya kunywa au ya gari.

Mwanachuo BKK

Bi mkubwa apewe uzi wake mwenyewe.

Mimi nasoma Bangkok mwaka wa tatu. Nimefika Samui mara mbili, unachukua treni ya usiku mpaka Surat Thani, basi, halafu feri ya Donsak. Samui tofauti na Koh Chang, barabara inazunguka kisiwa chote, kama kilomita 50, unaweza kuimaliza asubuhi ukarudi kula. Njiani utaona nyani wa kuangua nazi, wamefungwa kamba, wanazungusha nazi kwa mikono mpaka inakatika. Mimi mtu wa Mafia, nimekua na wakwezi, nilisimama pale nikashindwa kujua nishangae au niwaonee huruma nyani. Pia kuna hekalu la Khunaram, ndani kuna mwili wa mtawa aliyefariki 1973, umekauka, ameketi kwenye kioo, wamemvisha miwani meusi. Ukiingia vua viatu, funika mabega.

Mara ya kwanza nilienda Aprili bila kuuliza. Songkran hiyo, mwaka mpya wao, tarehe 13 hadi 15. Watu wamejipanga pande zote za barabara na mapipa ya maji, mengine yana barafu. Unakuja kwenye pikipiki, mtoto wa miaka sita anakulenga na ndoo usoni, na mama yake anakupaka uji mweupe shavuni anakutakia heri. Ni raha sana kama unatembea kwa miguu. Kwenye pikipiki huoni mbele, lami ina maji, na nusu ya wanaokuja wamekunywa. Niliegesha siku tatu.

Lakini nililotaka kusema ni hili, na naomba msilipite. Mara ya pili tulikuwa wanne. Mwenzetu mmoja alikuwa na leseni ya nyumbani, ya gari tu, daraja la pikipiki hana. Duka halikuuliza leseni, huwa hawaulizi. Jioni mvua fupi ikanyesha, mchanga ukashuka kutoka mlimani ukakaa kwenye kona. Hakuwa na mwendo hata kidogo. Akateleza, mguu ukavunjika sehemu mbili.

Alikuwa na bima ya safari, ameilipia vizuri. Hospitali ikawapigia. Swali la kwanza la watu wa bima: leseni ya pikipiki ipo? Haipo. Basi, walifunga faili hapo hapo. Bili ilizidi nauli yake ya kwenda nyumbani na kurudi. Tulichanga, ndugu wakachanga, kuna watu humu humu jukwaani walichanga na hawajui ilikuwa ya nini hasa, kwa sababu tuliandika "ajali" tukaacha mengine.

Kama huna daraja la pikipiki kwenye leseni yako na kibali cha kimataifa kinacholionyesha, bima uliyonunua ni karatasi. Na polisi nao wanasimamisha, wanaangalia leseni na helmeti. Mimi nililipa baht 500 kwa helmeti niliyokuwa nimeitundika kwenye usukani.

Kipara Ngoto

Dah. Huo mchango mimi nilitoa.

Mwanachuo BKK

Najua mkuu. Anatembea sasa. Asante.

Safari Bado

Wakuu mimi naenda mwezi ujao na mke, mara ya kwanza. Leseni ninayo ya pikipiki. Swali: kisiwa gani kisicho na milima? Na kuna kingine cha kuandaa?

Mpwani Asiyeogelea

Koh Lanta. Ufukwe wa magharibi barabara imetulia, milima inaanza ukikaribia kusini kwenye mnara wa taa. Mji wa zamani uko upande wa mashariki, nyumba za mbao juu ya maji, na Waislamu ni wengi, kwa hivyo chakula hakisumbui. Mkeo avae suruali ndefu, na ashukie upande wa KUSHOTO.

Dalali wa Mirerani

Kadi ya njano usiisahau. Sisi wa Afrika Mashariki tunatakiwa kuonyesha chanjo ya homa ya manjano, na pale Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, kuna dawati la afya unapita kabla ya uhamiaji. Nimeona watu wamesimama foleni ya uhamiaji saa nzima, wanafika mbele wanarudishwa kugonga muhuri.

Safari Bado

Shukrani sana. Mwanzisha uzi, ulirudi tena Koh Chang au ndiyo basi?

Dalali wa Mirerani

Nimerudi mara nne. Kwa mama yule yule. Siku hizi kabla ya kunipa ufunguo ananizungusha uwanjani kwake nyuma ya duka mara tatu, mtu mzima mimi, wajukuu zake wamekaa kwenye ngazi wanahesabu. Na ile ya mwisho nilipokuwa natoka getini nikamwona kwenye kioo cha pembeni, ameinua mkono wa kushoto juu, vidole vimenyooka.