Michoro ya Kolo inaharibiwa mchana kweupe na sisi wa Kondoa tumekaa kimya!

Wakuu, nisomeni mpaka mwisho, nimechoka kunung'unika peke yangu.

Kwenye mwamba wa Mungumi wa Kolo nimekuta mtu amekwangua jina lake na la mpenzi wake kwa jiwe. Hakuona pa kuandika ila hapo hapo, karibu na wale watu wekundu waliochorwa enzi za kale, warefu na wembamba, wenye vichwa vikubwa. Chini yake kuna jina la shule. Shule, jamani! Maana yake mwalimu alikuwepo, akaangalia, akapanda gari na wanafunzi wake wakaondoka.

Kwa msioijua Kondoa: kwenye majabali ya Irangi, upande unaotazama nyika ya Wamasai, kuna mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150 vyenye michoro. Pofu, twiga, tembo, watu wanaowinda, mingine ina umri wa maelfu ya miaka. Mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alikuja mwaka 1951 akainakili kwa mkono, mchoro mmoja mmoja. UNESCO ikaiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mnaopanda mabasi ya Dodoma–Arusha mnapita Kolo kila siku. Tulililia lami miaka na miaka, imekuja, na sasa dereva anakanyaga mafuta tu, kibao chenyewe hamkioni.

Wachache wanaosimama nao wana mambo yao. Wanamwagia mwamba maji ili rangi ikolee kwenye picha ya simu. Yakikauka yanaacha chumvi juu ya mchoro, na kila chupa inayomwagwa inaufifisha zaidi. Huwezi kwenda dukani kununua rangi ile ukarudishia.

Halafu wachimbaji! Mwaka 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana hapa Kondoa, jeshi la van Deventer upande mmoja na la Lettow-Vorbeck upande wa pili. Tangu hapo kuna hadithi kwamba Wajerumani walificha dhahabu mapangoni. Kwa hadithi hiyo watu wanabeba sururu na kuchimba chini ya michoro, wanafukua udongo ambao wataalamu wangeusoma na kujua walioishi pale walikula nini na walitumia zana gani. Nani ameshawahi kuonyesha hata sarafu moja? Hakuna! Mashimo tu.

Na msije hapa kuwasingizia wazee wa Kirangi wanaopanda kutambika na kuomba mvua. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi na inanikera. Ni heshima yao kwa Mungumi iliyofanya watu waogope kupachezea miaka yote hiyo. Tungewashirikisha kwenye ulinzi tangu mwanzo, aibu hii isingetufika.

Kinachoniuma zaidi ni mgawanyo wa kazi. Ofisi iko barabarani Kolo, michoro iko kilomita kadhaa huko mlimani. Unalipa kiingilio chini, unapewa mtu wa kukuongoza, mnapanda, mnashuka. Mkishashuka nani anabaki juu? Nilipowauliza wahusika nikajibiwa bajeti haitoshi. Kondoa hii hii, mwaka 1979, serikali iliondoa mifugo yote kwenye eneo la Kondoa Irangi kwa ajili ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), kwa sababu ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo. Watu walihamisha ng'ombe wao, wakaumia, na majani na miti ikarudi. Waliweza kuondoa mifugo ya tarafa nzima, leo wanashindwa kumlipa kijana wa kijijini akae kwenye mwamba mmoja?

Ninachotaka kiko wazi. Walinzi wakae juu, wawe vijana wa vijiji vya jirani, walipwe kutokana na viingilio hivyo hivyo. Shule yoyote ikija, majina ya walimu yaandikwe kabla ya kupanda, na wanafunzi wakikwangua, walimu wawajibike. Anayekutwa na sururu pangoni apelekwe polisi, asiishie kuonywa na mwenyekiti wa kijiji.

Nina picha za maandishi yale na za mashimo. Anayejua zipelekwe kwa nani ambaye hatazifungia kwenye droo, aandike hapa chini. Na walimu mliomo humu, nawasubiri mjibu.