Sebule na chumba kwa milioni moja na laki nane: Keko, fundi wa mtaani, vilivyotumika au dukani?

Mkazi_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nimepata sebule na chumba Tabata, Dar. Kodi ya miezi sita nimeshalipa, na nimebakiwa na 1,800,000 ya kununua vitu. Kwa sasa nina godoro na jiko la gesi tu. Nataka nyumba ambayo mgeni akiingia anakaa akatulia, isionekane ghala wala duka. Nimezunguka, nimeona njia nne.

Sofa ya L iliyo tayari pale Keko, kwenye vibanda vya samani: wameanza 850,000, nadhani wanashuka hadi 750,000. Fundi wa hapa mtaani ametaja 900,000, sofa pamoja na stuli mbili, ila anataka nusu kwanza. Kuna familia inahama Masaki inauza kochi la watu wawili na viti viwili vya mikono, vyote 450,000. Halafu kuna zile kabati na meza za tivii za maduka ya Kariakoo, unazoziunga mwenyewe kwa skrubu, zinang'aa na bei zake ni nzuri.

Nyumba ni ya kupanga, naweza kuhama wakati wowote. Mngechukua ipi?

MamaNuru
Hizo za kuunga mwenyewe ziondoe kabisa, mdogo wangu. Ni unga wa mbao ulioshikanishwa na gundi, ukafunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Ukipiga deki kila siku, maji yakigusa miguu yake inavimba kama andazi na hairudi. Na siku ya kuhama ukifungua skrubu, tundu limeshapanuka, ukiirudisha haikamati. Kwa mtu aliyepanga hiyo ndiyo samani mbaya kuliko zote, maana hata ukitaka kuiuza hakuna wa kuinunua.

FundiRanda
Mimi nina karakana ya sofa, kwa hiyo nitazungumzia yaliyo ndani ya kitambaa. Bei inajificha humo. Sofa mbili zinaweza kuvaa kitambaa kilekile, moja ikadumu miaka, nyingine ikabonyea kabla Idi ijayo haijafika.

Anza na fremu. Nyingi za bei ya chini zimeungwa kwa mbao za makreti na mabaki ya paini, na mikono imezibwa kwa boksi. Gonga mkono wa sofa kwa vidole: ukisikia uwazi, ni boksi. Kisha nyanyua kona moja ya mbele, si juu sana. Mguu wa mbele wa upande wa pili unatakiwa unyanyuke nao mara moja. Ukibaki sakafuni, fremu inajipinda, na ikijipinda leo, kesho inaachia.

Halafu kaa. Usikae kwa adabu, kaa kwa uzito wako wote, katikati na pembeni. Chini ya foamu kuna mikanda ya mpira au springi. Mikanda ikiwa imeachana sana utaugusa ubao. Foamu yenyewe fungua zipu uishike. Nzuri ina uzito mkononi, na ukiibonyeza kwa ngumi inarudi upesi. Muuzaji akikataa usifungue zipu, nenda kibanda kinachofuata. Keko havikosekani.

Mbao: mninga, mkongo na mtiki zikishakauka hazichezi, na moyo wake, yaani sehemu ya kati, wadudu hawauwezi kirahisi. Ila mninga una sehemu nyeupe ya pembeni, hiyo inaliwa. Wapo wanaoipaka rangi ifanane na moyo. Geuza kiti, tazama chini ambako hawajapaka. Ukikuta vitundu vidogo na unga laini sakafuni, dudu yumo. Paini siikatai kwa fremu ya ndani, mradi iwe imekauka na imetiwa dawa. Mkaratusi mbichi usiukubali, unapinda ukiwa tayari sebuleni kwako.

Kwa hela yako mimi ningeenda Masaki. Kama vile viti ni mbao ngumu, vichukue hata kitambaa kikiwa kimechoka. Foamu na kitambaa tunabadilisha. Fremu mbovu haitengenezeki, labda ujenge upya.

Wairimu_NRB
Salamu kutoka Nairobi. Naunga mkono vilivyotumika, lakini hakuna aliyetaja kunguni, na ndilo jambo la kwanza kukagua. Tumia tochi, pitia mishono, kona na kile kitambaa cha chini. Vidoa vidogo vyeusi vikionekana, ondoka, hata kama bei ni ya kutupa. Kuanika juani hakutoshi.

Huku kwetu Ngong Road kuna mafundi wazuri wanaofanya kazi kando ya barabara, lakini mbao ziliadimika baada ya serikali kusimamisha ukataji miti mwaka 2018, na nyingi zikawa zinatoka kwenu. Kwa hiyo nyinyi mko karibu na chanzo, tumieni nafasi hiyo. Kitu ninachonunua mitumba bila kufikiri mara mbili ni mapazia. Ya soko la Gikomba mengi yana kitambaa kizito na bitana, kwa bei ambayo dukani hupati hata kitambaa chenyewe. Pazia refu linalogusa sakafu hufanya chumba kidogo kionekane kirefu. Funga bomba la pazia karibu na dari, si pale dirisha linapoishia.

Mwana_Shangani
Mimi wa Unguja nina swali: lazima sofa? Chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili ukiingiza L, watu wanapita ubavu. Nyumbani kwetu sebule ni jamvi, juu yake mkeka wa ukindu wa rangi, magodoro membamba ukutani na mito. Watu wanane wanakaa. Usiku mgeni analala papo hapo. Ukihama unakunja, unaondoka.

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe na Lamu hazikuwa na samani nyingi chini. Pambo lilikuwa ukutani: zidaka zilizojengwa ndani ya ukuta, zikapangwa sahani na bakuli za kauri. Sakafu ikabaki wazi na upepo ukapita. Kwa joto la Dar naona bado ni akili kubwa. Vitambaa vizito vya velveti kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi mimi siviafiki hata kidogo.

MamaNuru
Hapo kwa velveti tupo pamoja. Lakini wazee wakija wataketi wapi, dada? Mama yangu ana magoti, hawezi kushuka chini akainuka. Viti viwili lazima viwepo.

Mwana_Shangani
Kweli, bibi mkubwa hakalishwi chini kwa nguvu. Basi viti viwili vya Masaki na jamvi. Kochi si lazima.

Mkazi_Tabata
Mmenibadilisha mawazo. Sasa kuta: mwenye nyumba amepaka rangi ya mafuta ya kijani mpauko, na upande wa bafu inatoa malengelenge. Na nataka picha ukutani, siyo zile za maua ya plastiki.

MamaNuru
Malengelenge ni unyevu uliofungiwa nyuma ya rangi ya mafuta. Usipake juu yake. Mwombe mwenye nyumba akwangue, ukuta ukauke, kisha rangi ya maji, nyeupe iliyopunguzwa ukali kidogo. Ukigharamia wewe, mwambie akate kwenye kodi, na muandikiane.

Kuhusu picha, nenda Oysterbay karibu na Morogoro Stores, kwenye ushirika wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji ule mwaka 1968 akitumia vipande vya bodi na rangi za mafuta zinazong'aa, si vifaa vya gharama, na mpaka leo kuna vipande vidogo ambavyo mtu wa kawaida anamudu. Kimoja kinatosha ukuta mzima. Ukuta mwingine tundika khanga yenye pindo unalolipenda, ivishe kwenye fito juu na chini inyooke. Ila mbali na dirisha, jua linaipausha.

Mkazi_Tabata
Basi hesabu yangu iwe hivi: viti na kochi 450,000 nikishindwa kuvitenganisha, kitanda cha tano kwa sita cha mninga kwa fundi 500,000, mapazia na bomba 180,000, jamvi, mkeka na mito 150,000, taa mbili za mezani na picha 120,000. Inayobaki foamu mpya. Jumamosi naenda kuvitazama.

FundiRanda
Kitanda usilipe nusu. Lipa hela ya mbao, na mwende pamoja kuzinunua, ziwekwe alama yako. Nyingine ulipe kikiwa kimeungwa lakini hakijapigwa vanishi, ukione kabla makosa hayajafunikwa. Mwisho ukabidhiwapo.

Na Jumamosi beba tochi na kisu kidogo. Mwombe mwenyewe ruhusa, kwangua kidogo chini ya kiti. Ukiona rangi ya kahawia inaendelea ndani, lipa. Pakitokea weupe, nipigie picha uiweke hapa kabla hujatoa pesa.